Visu vitatu kwenye meza ya samaki: uzoefu wangu

Kazi yangu ni samaki. Alfajiri natoka soko la Feri na ndoo zangu, na jua likipanda huwa nimeshapara na kukata kilo kama thelathini. Kisu kikiwa butu sihitaji kuambiwa, kiwiko kinaniarifu mapema. Kwa hiyo nimekuwa mchaguzi, na watu wameanza kuniuliza ninunue kipi.

Ninachokishika muda mwingi ni cha Victorinox, mpini mweusi wa plastiki, inchi 8. Chuma chake kinaitwa X50CrMoV15. Jina linatisha lakini linasomeka: 50 ni nusu asilimia ya kaboni, 15 ni asilimia 15 ya kromi, kisha metali za molibdeni na vanadi kidogo. Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu, kromi inazuia kutu. Kwenye kipimo cha ugumu wa chuma kinachoitwa Rockwell ni kama 56, yaani si kigumu sana. Chuma cha namna hii makali yake hayamegeki, hulala upande. Ngozi ya samaki ikianza kukwepa, nakipitisha mara tano sita kwenye kile chuma cha mviringo cha buchani, makali yanasimama tena. Asubuhi moja nafanya hivyo mara tatu. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi ndiyo nafasi yangu ya kunyoosha mgongo.

Zamani nilidhani jina la chuma likiwa moja, kisu ni kilekile. Halafu rafiki yangu mpishi wa hoteli akaniazima Wüsthof yake, ya Solingen, Ujerumani. Chuma ni hichohicho, X50CrMoV15, ila wao wanakifikisha 58. Namba mbili tu, lakini nilikuwa nanyoosha makali mara moja badala ya tatu. Tofauti inatoka kwenye moto: chuma kinachomwa, kinapozwa ghafla, kisha kinapashwa tena taratibu. Muuza duka akikutajia jina la chuma bila ugumu wake, amekupa nusu ya habari.

Cha pili ni cha Kijapani, mjomba wangu baharia aliniletea. Katikati kuna chuma cha VG-10, kaboni karibu asilimia 1, kromi 15, na kobalti, ugumu kama 60. Pande zake mbili kimefunikwa na chuma laini, kama nyama ndani ya mkate. Jamani, kisu kile! Minofu ya jodari nilikuwa naikata nyembamba hadi unaona kidole upande wa pili, na siku kumi sikugusa kinoo. Siku ya kumi na moja nikajisahau, nikakipiga kwenye pingili ya nguru. Tik. Kimeguko kidogo kama ukucha wa mtoto kikabaki kwenye mfupa, na robo saa nzima nikakitafuta kwa vidole, maana kingeishia kooni kwa mteja. Kosa ni langu kabisa: chuma kigumu namna ile, chenye makali membamba, hakipendi mfupa. Kukirudisha kulinichukua jioni mbili na jiwe la kunolea la kuazima, lile linalolowekwa maji. Kinoo changu cha kawaida kilikuwa kinateleza tu.

Cha tatu sikukinunua dukani. Ni cha mhunzi, kimefuliwa kwa springi ya Land Rover, shilingi 8,000 pamoja na mpini. Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.6 na kromi kidogo mno, kwa hiyo kutu ni jirani yake. Ukikiacha na chumvi wakati wa chai, ukirudi kimeshavaa rangi ya matofali. Ndimu inakifanya cheusi, na kitunguu kinabaki na harufu ya msumari. Nakifuta, napaka mafuta ya kula, yameisha. Lakini pingili ya nguru? Pigo moja. Kikichoka, nakinoa dakika mbili kwa tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia.

Shida ya visu vya mhunzi ni kwamba havifanani. Cha kwanza nilichonunua, kwa mwingine, kilipinda siku ya pili. Siku hizi naenda na tupa yangu mfukoni na kuijaribu kwenye makali kabla ya kulipa. Ikizama kama kwenye msumari, nakirudisha. Ikishika kwa shida, natoa hela. Mhunzi mzuri hakasiriki, anacheka.

Basi mezani kwangu sasa viko viwili: Victorinox kwa kupara na minofu, cha springi kwa vichwa na mifupa. Kama una hela ya kisu kimoja tu na unakata samaki wenye mifupa, anza na Victorinox, maana makali yake hulala tu, hayamegeki. Cha Kijapani kiko nyumbani. Mke wangu amekifanya cha kachumbari, na amenikataza kukigusa.