ATH-M40x: hedifoni moja ya shereheni na ya geto

Wadau, miezi minne sasa natembea na hizi hedifoni, Audio-Technica ATH-M40x na kila nikienda kupiga mziki lazima mtu aniulize dj hizo shingapi, bora niandike mara moja yaishe.

Kwanza nilikotoka. Nilikuwa na hedifoni ya elfu arobaini niliyouziwa na jamaa anayetembeza vitu pale Mwanga, hapa Kigoma, boksi limeandikwa besi kwa maherufi makubwa, na kweli besi ilikuwepo, yaani kila kitu kilikuwa besi hadi sauti ya mdada anayeimba. Baada ya muda waya ukaanza kukatika pale kwenye shingo ya pini, nauzungushia selotepu, naukunja hivi ndo sikio la kushoto linaongea. Sasa siku hiyo harusi Ujiji, spika mbili zinafoka pembeni yangu, nimebana hedifoni kwa bega nitafute pa kuingiza ngoma inayofuata, kushoto kimyaa. Nikaingiza kwa kubahatisha. Kiki (yale mapigo mazito ya chini) za ngoma mbili zikawa zinafukuzana, na mama mmoja aliyekuwa anatunza akasimama katikati na noti yake mkononi, ananiangalia tu. Aisee.

Ndo nikajichanga. Hizi zinafunika sikio lote na mgongo umezibwa, kwa dj hapo hakuna mjadala maana kelele za nje zinapungua na zako hazitoki. Kuna watu watakushauri AKG K240, nzuri kwa kumix ila ile iko nusu wazi, kaa nayo karibu na spika uone. Vikombe vya M40x vinageuka nyuzi 90 so unabaki na sikio moja kwenye hedifoni, jingine kwa watu. Na waya unachomoka!! Kwenye boksi zipo mbili, mmoja wa kujikunja kama wa simu ya mezani, mwingine wa kunyooka mita 3, na adapta ya pini kubwa ya miksa. Ila angalia, kwenye kikombe ni tundu la milimita 2.5 lenye kufuli lake, usidhani ukipoteza utaokoteza waya wowote kwa fundi simu.

Ohm zake (ukinzani wa umeme, zikiwa nyingi inakuwa ngumu kusukumwa) ni 35, simu au laptopu inazisukuma bila shida. Wale mnaotamani Beyerdynamic DT 770 Pro msome boksi vizuri, kuna ya ohm 80 na ya 250, hiyo ya 250 ukichomeka kwenye simu sauti itatoka ndogo mpaka uwe na saundi kadi ya maana.

Kwenye kutengeneza biti sasa. Geto langu ni bati bila dari, mvua ya Kigoma ikishuka spika hazina kazi na usiku wenye nyumba wanataka kulala, so nafanya kila kitu humu humu. Sauti iko sawia, haikupambi. Biti ya kwanza nikaipeleka kwa jamaa wa bajaji achomeke flashi tuisikie kwenye spika zake, besi ilikaa, vokali ndo ilizama kidogo, nikarudi kuipandisha. Hedifoni yoyote itakudanganya kwenye kushoto na kulia maana kila sikio linasikia upande wake tu, kwa hiyo bajaji bado inahitajika lol.

Hazina bluetooth na mimi naona poa tu. Bluetooth inachelewesha sauti, unagonga pedi ya kutengenezea biti mlio unakuja nyuma, utapigaje singeli hivyo?

Zilinitoka laki tatu na nusu na nauli ya basi kutoka Dar humo humo. Najua ni hela. Kama huna, kaka yake mdogo M20x ni rahisi zaidi na kwa geto inatosha kabisa, ila waya wake hauchomoki na vikombe havigeuki, shereheni itakusumbua. Ukiwa na hela nyingi na ni dj tu, Sennheiser HD 25, ipo tangu 1988 na kila kipande unabadilisha, ila ile inakaa juu ya sikio, haifuniki. Na mtu akikuletea M50x, ile kubwa ya hizi, mpya kwa elfu sitini mrudishie boksi lake, hiyo ni feki.

Ubaya mmoja, usiku kucha masikio yanachemka, beba leso.

Jumamosi niko Ujiji tena, ukoo ule ule. Sijui yule mama atakuwepo.