Kozi ya video kuhusu uzee na vipokezi vya neva: mhadhara wa tatu unatosha

Niliinunua kozi hii ya mihadhara sita, inayoeleza namna uzee unavyoathiri vipokezi vya kemikali za neva (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali hizo) katika wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo, kwa ajili ya mhadhara wa tatu tu, nao haukuniangusha.

Mhadhara huo unamhusu Aplysia californica, konokono wa bahari aishiye takribani mwaka 1, mwenye niuroni, yaani seli za neva, zipatazo 20,000, nyingine kubwa hata zikaonekana kwa macho matupu. Ndiye aliyetumiwa na Eric Kandel katika utafiti wa kumbukumbu uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mhadhiri anasisitiza jambo linalosahaulika upesi: konokono aliyeokotwa baharini hajulikani umri, hivyo ulinganisho wa haki huhitaji waliototolewa na kukuzwa pamoja katika maji ya joto lilelile, kwani joto likizidi maisha yao hufupika.

Kisha kamera inasogezwa hadi kwenye niuroni moja ya hisi, ambayo utando wake umenaswa kwa ncha ya mrija mwembamba wa kioo. Glutamati, mojawapo ya kemikali za neva, inapulizwa, na mstari wa mkondo wa umeme unatumbukia ghafla. Katika niuroni ya konokono mzee, mstari huohuo unabonyea kidogo tu. Seli ingali hai, ila wito umeifikia kwa unyonge. Nilirudia kipande hicho mara tatu. Inaelezwa pia kwamba serotonini, kemikali nyingine ya neva, ambayo katika ujana hukuza mwitikio wa niuroni hizo kwa kemikali iitwayo aspatati, uzeeni hupoteza nguvu hiyo. Nilipenda kwamba mhadhiri havitwishi vipokezi lawama yote ya konokono mzee kuurudisha mkia polepole unapoguswa, kwa sababu wepesi wa niuroni yenyewe kusisimka nao hupungua.

Mhadhara wa tano, wa pweza, ni dhaifu. Ni kweli kwamba jike aliyeondolewa tezi za macho, zinazotoa homoni, baada ya kutaga huishi muda mrefu zaidi, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1977, lakini huo ni ushahidi wa homoni, wala haukustahili kuwasilishwa kana kwamba unahusu vipokezi. Grafu zake mbili hazina vipimo. Programu ya majaribio ya kuigiza ilinigomea kila nilipobadili umri wa mnyama, na wahudumu walinijibu kwa kunitumia mwongozo niliokwisha kuusoma.

Kwa kuwa kila mhadhara huuzwa pia peke yake, ningeshauri ununuliwe wa tatu.