BMW 507 ya familia moja tangu 1958: uzoefu wangu wa kuitunza na kuiendesha

Wadau habari zenu. Leo naandika kuhusu BMW 507, gari ambalo wengi wetu tumeliona kwenye picha tu, na naandika kama fundi niliyelishika na kuliendesha. Nipo huku Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nafanya kazi kwenye gereji ndogo ya magari ya zamani, na mojawapo ya magari tunayoyahudumia ni 507 ambayo baba mwenye familia aliinunua mpya 1958 na mpaka leo haijatoka mikononi mwao. Sasa hivi iko kwa binti yake, mama mtu mzima mwenye wajukuu, ndiye amenipa ruhusa ya kuandika ila kasema jina lake na kijiji chao nisitaje, kwa hiyo msiniulize.

Kwa wasiopenda maelezo marefu nitoe jibu mapema. Injini tamu mno, umbo sijaona la kulishinda, breki inabidi uzijue tabia zake, na hili moja ninaloliongelea ni bora kuliko 507 zingine nilizopata kuziona kwa sababu watu walewale wamekaa nalo muda wote na wanajua kila kilichofanyika humo ndani. Hapo ndipo nataka kukaa zaidi, lakini kwanza mlijue gari lenyewe.

Aliyelisukuma litengenezwe alikuwa Max Hoffman, muagizaji magari wa New York, huyuhuyu aliyewasukuma Mercedes-Benz nao wauze 300 SL. Aliona Wamarekani wenye hela wanataka roadster, gari la wazi la viti viwili, ya Kijerumani, akapigia hesabu bei ya kama dola 5,000, na mchoro akauelekeza kwa Albrecht von Goertz, Mjerumani aliyekuwa amehamia Marekani. Gari likaonyeshwa 1955, kwanza New York kisha Frankfurt, watu wakachanganyikiwa. Shida ikaja kwenye kutengeneza, maana bodi yote ni ya aluminiamu na iligongwa na kunyooshwa kwa mkono pale Munich, bei ikapanda hadi ikafika kama mara mbili ya ile aliyoitaka Hoffman. Hapa Ujerumani ilikuwa zaidi ya maki 26,000, pesa ya Ujerumani ya enzi hizo, wakati Volkswagen Beetle ya kawaida uliipata chini ya maki 4,000. Nani ananunua? Walitengeneza kama 250 tu kuanzia 1956 hadi 1959 wakaacha, na ilikuwa hasara kwa kampuni ambayo tayari hali yake ilikuwa mbaya, Desemba 1959 nusura imezwe na Daimler-Benz, watengenezaji wa Mercedes, wanahisa wadogo wakakataa na baadaye tajiri Herbert Quandt akatia pesa zake. Kwa hiyo ukiona 507 barabarani ujue unaona gari ambalo lilikaribia kuondoka na kampuni iliyolizaa.

Sasa injini. V8 ya lita 3.2, ukitaka hesabu kamili ni cc 3,168, blok na hedi zote aluminiamu, kabureta mbili za Zenith zenye midomo miwili kila moja, nguvu ya farasi 150. Kwa leo farasi 150 unazipata kwenye gari la kupeleka watoto shule, najua, ila gari lina kama kilo 1,330 na nguvu inakuja mapema, huna haja ya kulipigia kelele. Gia zipo nne, ya tatu inabeba karibu kila kitu, unatoka kijijini polepole unakanyaga kidogo linavuta tu bila kushtuka, unaingia kwenye kona unatoka nalo bado uko kwenye ya tatu. Sauti yake ni nzito ya chini kule nyuma, na mbele ukisikiliza vizuri unasikia kabureta zinavuta hewa. Nimewahi kuendesha magari yenye nguvu mara mbili ya hili na hayajanipa raha hii, sisemi kwa ushabiki, ndivyo nilivyoona.

Usukani mzito ukiwa unapaki, ukishatembea unalainika. Springi zake sio za kawaida, ni toshenba mbele na nyuma, vyuma virefu vinavyojipinda, na nyuma kuna aksel moja nzima, kwa hiyo barabara ikiwa na mawimbi katikati ya kona nyuma inaruka kidogo. Haitishi, ila inakukumbusha kwamba hili gari ni la safari ndefu za starehe. Ni kweli Hans Stuck, dereva maarufu wa mbio za magari, alishindana nalo kwenye mbio za kupanda milima, lakini yule alikuwa Hans Stuck. Mi naliona la mtu anayetaka kwenda mbali akiwa amevaa vizuri.

Breki. Hapa sikilizeni. Hili ni la dramu magurudumu yote, dramu za aluminiamu zenye mapezi ya kupoza, za mwishomwisho ndio baadhi zilipata diski mbele. Kwenye barabara tambarare zinashika vizuri kabisa. Sasa mteremke nalo Kesselberg, ule mlima wenye kona nyingi kati ya Kochel na Walchensee, mwanzo pedali iko juu na ngumu, ukiitegemea kila kona unaanza kuona inakwenda mbali zaidi na gari linachelewa kupungua, dramu zimepata moto. Dawa yake ni gia, weka ya pili mapema iache injini ishike gari, breki ziwe za kusaidia tu. Yule mama alinifundisha hivyo kabla hata sijawasha, akaniambia baba yake alikuwa anasema mlima unashuka kwa gia uliyopandia. Na ni kweli kwa Lushoto kama ilivyo kwa Kesselberg.

Sasa nirudi kwenye hili la familia moja maana ndio sababu ya kuandika.

Bodi ya 507 kwa vile iligongwa kwa mkono hakuna mbili zinazolingana sawasawa. Kile kipaa kigumu kinachofungwa juu wakati wa baridi kilikuwa kinatengenezwa kulifuata gari lake, ukikichukua kwenye 507 moja ukaweka kwenye nyingine hakikai, utapata nafasi huku na huku kinagusa. Kuna magari yameuzwa mara nne mara tano, kipaa kimebaki kwa mtu wa pili, gari liko bara lingine, basi hakuna cha kufanya zaidi ya kutengeneza kipya. La hawa kipaa chao kipo, kinaning'inia kwenye dari ya gereji ya nyumbani kwa kamba za turubai, tena kina rangi ileile ya zamani iliyofifia sawa na ya gari. Kila Oktoba tunakishusha kinakaa bila kusukumwa. Fundi wa kunyoosha bodi tunayefanya naye kazi alikipapasa pale kwenye muungano na kioo akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema huyu aliyefanya hivi alikuwa fundi.

Na kuna daftari. Baba alikuwa anaandika kila kitu, oili imebadilishwa lini, plagi za aina gani, tairi kutoka wapi, petroli imekula kiasi gani. Baada yake binti akaendelea, mwandiko unabadilika ila mpangilio ni uleule. Msimu mmoja wa joto gari lilianza kukata nguvu likishatembea kama saa moja, likipoa linarudi sawa. Tukaangalia umeme, koili, kondensa, tukasafisha kabureta, bado. Yule mama akaenda akalifungua daftari akatuonyesha miaka ya sabini baba yake aliandika ugonjwa huohuo, petroli ilikuwa inachemka kwenye bomba linalopita karibu na ekzosi, akaweka kibati cha kukinga joto. Tukaingia chini kuangalia, kibati hakipo, zimebaki tundu za skrubu. Kimeoza na kuanguka miaka mingi iliyopita. Tukakata kingine kwa vipimo alivyoviandika, ugonjwa ukaisha. Bila lile daftari tungekuwa bado tunanunua spea, na spea za 507 jamani ni bora usiulize bei ukiwa hujala.

Linganisha na 507 maarufu kuliko zote, ile ya Elvis Presley. Aliichukua 1958 akiwa mwanajeshi wa Marekani huku Ujerumani, ilikuwa nyeupe, mabinti wakawa wanaiandika kwa lipstiki hadi akaipiga rangi nyekundu. Baadaye ikaenda Marekani, ikapita mikono, injini yake ikatolewa ikawekwa ya Chevrolet, mwisho ikalala miaka na miaka kwenye ghala California. BMW wakaichukua wakaijenga upya kwa kazi kubwa sana na kuionyesha tena 2016. Nawapa heshima zao zote. Lakini vitu vingi ilibidi vitengenezwe vipya, hakukuwa na namna.

Halafu iko ya John Surtees, Muingereza, mtu pekee aliyechukua ubingwa wa dunia kwa pikipiki na kwa Formula 1. Alipata 507 yake 1957 baada ya kushinda na pikipiki za MV Agusta, akakaa nayo mpaka alipofariki 2017. Mwaka uliofuata ikapigwa mnada Goodwood, Uingereza, ikafika zaidi ya paundi milioni 3.8. Watu walisema bei ni kwa sababu ya jina lake, sawa, jina limo, ila mi naamini sehemu kubwa ya ile hela ni ile miaka sitini ya mkono mmoja.

Bei hizo ndizo zinazotishia familia kama hii, na hili naona watu hawalizungumzi. Gari likishakuwa na thamani ya zaidi ya euro milioni mbili, siku mzazi akifariki serikali inalihesabu kama mali yoyote. Huku mtoto anasamehewa kodi kwenye euro 400,000 za mwanzo za urithi kutoka kwa kila mzazi, zinazozidi analipia, na hapo hujahesabu nyumba. Ndugu watatu, gari moja, hakuna mwenye hela taslimu ya kuwalipa wenzake, mnada unapiga simu. Nimeona familia ikiuza kwa machozi kabisa. Hawa wamewahi kukaa chini mapema na mwanasheria wakakubaliana gari lisiuzwe wala lisigawanywe na nani atalitunza, mama akiwa mzima na akili zake timamu. Kama una gari la mzee nyumbani, hata kama sio 507, hata kama ni Peugeot 504 ya babu, kaeni mzungumze sasa.

Gharama za kawaida za mwaka sio za kutisha kama mnavyodhani. Lina namba za magari ya kihistoria, zile zinazoishia na herufi H, kwa hiyo kodi ya barabara ni euro mia na tisini na kitu tu bila kujali ukubwa wa injini. Bima ndio inauma. Petroli tunaweka Super Plus, E10, petroli iliyochanganywa na ethanoli, hapana kabisa kwa sababu ile ethanoli inakula mipira ya zamani, na usitegemee chini ya lita 15 kwa kilomita mia. Chumvi ikimwagwa barabarani gari halitoki, ingawa aluminiamu haishiki kutu, chesi ya chini ni chuma na penye chuma na aluminiamu kukutana chumvi inafanya uharibifu usiouona mpaka umechelewa.

Ila kati ya hapo linatembea, na hili nalisisitiza. Mama analiendesha kwenda kanisani, kwenda kununua mikate, mvua ikimkuta imemkuta, turubai linavuja kidogo pembeni upande wa abiria na ameweka taulo. 507 zilizofungiwa kwenye vyumba vyenye hewa ya kupimwa tunaletewa sili zimekauka, pistoni za breki zimeganda, petroli imegeuka gundi kwenye kabureta. La huyu mama linawaka kwa mguso wa kwanza.

Kuna atakayeuliza hili au Mercedes 300 SL Roadster. Nimeziendesha zote mbili. Mercedes ina kasi zaidi, ina sindano za petroli badala ya kabureta, imeundwa kwa ukali zaidi na yalitengenezwa magari 1,858 kwa hiyo hata spea ni afadhali. Ukitaka kukimbia chukua Mercedes. Mi ningechukua 507, na sababu kubwa ni ile injini kwenye gia ya tatu, na ule ubavu wake wenye matundu ya hewa na nembo ndogo ambao mpaka leo nikipita nalo karibu na dirisha kubwa la duka lazima nigeuze macho.

Msimu ujao tunafungua shokapu za nyuma, nahisi ile kuruka kwenye kona imezidi ilivyokuwa. Mjukuu mkubwa wa yule mama ameomba aje gereji tufanye wote, na bibi yake ameshamkabidhi daftari na kalamu.