Mazda Atenza ya dizeli yenye gia ya mkono: nimeiendesha, sikutaka kushuka

Wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu gari lenyewe liko hapa na injini tayari inaunguruma. Mazda Atenza, sedani, ya mwaka 2013, dizeli, na hapa katikati, ngoja nisogeze kamera mwone wenyewe, gia ya mkono! Sita za mbele na rivasi. Mmeniomba sana gari hili kwenye maoni, na kila nikilitafuta napata otomatiki. Leo limepatikana.

Umbo lake, buti, viti, redio, hayo mnayajua, na Atenza za otomatiki tumeshazichambua humu humu. Niseme tu kwamba hiki ni kizazi cha tatu, kilichotoka 2012. Nje ya Japani linaitwa Mazda6, na 2019 hata Wajapani wenyewe wakaacha jina la Atenza. Yatosha. Tuondoke.

Nakanyaga klachi mpaka chini. Ni nyepesi, nyepesi kuliko nilivyotegemea kwa dizeli. Sasa nyamazeni kidogo msikie. Ya kwanza. Mmesikia? Narudia. Nyutro, ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kirungu kinasafiri umbali mfupi, kiganja changu hakitoki mahali pake, ni kifundo cha mkono tu kinachofanya kazi. Na kila gia inaingia kama ufunguo kwenye kitasa chake: hakuna kutafuta, hakuna kusukuma. Rivasi iko kushoto kabisa, jirani na ya kwanza, ila lazima ukandamize kirungu chini kwanza ndipo kiende huko. Kwa hiyo hata ukiwa na haraka, huingii rivasi kwa bahati mbaya.

Haya, tuko barabarani. Jambo la kwanza analoogopa mtu anayetoka kwenye otomatiki ni gari kumzimikia. Nawaonesha. Mguu wa kulia nimeuweka pembeni kabisa, sigusi mafuta. Naachia klachi taratibu, taratibu, hapo! Hapo imeshika. Mnaona pua ya gari inavyoinuka kidogo? Naendelea kuachia, gari linaondoka lenyewe. Naingiza ya pili, bado sijagusa mafuta, linatembea. Hiyo ndiyo raha ya dizeli: injini ikihisi mzigo inajiongezea mafuta yenyewe ili isishuke chini ya mzunguko wake wa kutulia. Kwenye foleni nusu ya kazi unaiachia injini.

Mlimani je? Nimesimama hapa, handibreki juu, na ni handibreki ya kuvuta kwa mkono, si ya kubonyeza kitufe. Klachi mpaka inaposhika, gari linajikaza, nashusha handibreki, mafuta kidogo. Halijarudi nyuma hata hatua.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya nirekodi video hii. Angalieni skrini, nimefunga kamera ndogo huku miguuni. Eksileta hii, yaani pedeli ya mafuta, haining'inii kutoka juu kama kwenye magari mengi. Imefungwa sakafuni, bawaba iko chini, kwenye kisigino changu. Mtu atasema ni pedeli tu, ina nini cha kujadiliwa? Ngoja.

Pedeli inayoning'inia inapinda kwa njia yake, na mguu wako unapinda kwa njia nyingine kwa sababu kisigino kimekaa sakafuni. Kila ukikanyaga, soli inateleza kidogo juu ya pedeli. Hii ya sakafuni inapinda pamoja na mguu. Kisigino kimetulia, ukitaka kuongeza mafuta kidogo sana unaongeza kidogo sana. Kwenye gari la gia ya mkono hilo ni kubwa, kwa sababu kila unapobadilisha gia unatakiwa uupime mguu upya.

Nawaonesha kwa vitendo. Niko gia ya nne, mbele kuna kona, nataka ya tatu. Kwanza nafanya vibaya makusudi: breki, klachi, ya tatu, naachia klachi hivi hivi. Mmeona kichwa changu kilivyoenda mbele? Magurudumu yameilazimisha injini ipande mizunguko kwa ghafla, na anayelipa hapo ni klachi.

Tunarudi kona ile ile. Ncha ya mguu wa kulia iko kwenye breki na haitoki hapo. Klachi chini. Sasa angalieni kisigino: nakizungusha, nagusa eksileta mara moja, mshale wa mizunguko unaruka juu, naingiza ya tatu, naachia klachi. Kimya. Gari halijatikisika. Tuone tena polepole. Breki, klachi, gusa, tatu, achia. Hiyo sekunde moja hapo katikati ndiyo inayonifanya nipende gia ya mkono, na nilishaendesha magari ya michezo ambayo pedeli zake ziko mbali mbali kiasi kwamba hulifanyi hili mpaka ukunje goti. Hapa, kwenye sedani ya kupeleka watoto shule, linafanyika bila kujisumbua. Mhandisi aliyeipigania pedeli hii alikuwa anaendesha gari kweli.

Injini. Hii ni lita 2.2, Skyactiv-D, jina ambalo Mazda wanazipa dizeli zao, nguvu farasi 175, na msukumo wa Nm 420 ambao unaupata wote kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Turbo mbili za kuisukumia injini hewa ya ziada, ndogo na kubwa. Mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni 14 kwa 1, mdogo kwa dizeli, na hapo ndipo penye ujanja: mgandamizo ukiwa mdogo, injini haihitaji kuwa na mwili mzito wa kuhimili mapigo, kwa hiyo Mazda wakatengeneza bloku ya alumini, na injini inakubali kupanda mpaka mizunguko 5,200. Dizeli nyingi huko hazifiki. Nikiwa gia ya tatu nakanyaga, jamani! Inavuta, inavuta, na bado ina nafasi.

Kabla sijaliendesha nilikuwa upande wa petroli. Niliamini gia ya mkono inataka injini ya petroli inayopenda kupanda, na dizeli muiachie otomatiki. Saa hizi sina uhakika huo tena. Na dizeli hii huhitaji kupangua gia kila dakika; unakaa ya nne kwenye barabara yenye vilima, na bado inapanda. Ila ukiitupa chini ya mizunguko 1,500 ukiwa gia ya juu inakuwa nzito, hapo usibishane nayo, shusha gia.

Mtaniuliza wapinzani. Camry ni starehe, siipingi, lakini kuipata yenye gia ya mkono ya miaka ya karibuni ni kazi. Honda Accord ya kizazi cha kumi iliuzwa Marekani ikiwa na turbo ya lita 2.0 na gia sita za mkono, 2018 mpaka 2020, kisha wakaifuta. Na watu wa Mark X, najua mpo, tulieni: Toyota walitengeneza Mark X GRMN, V6 ya lita 3.5 na gia sita za mkono. Walitoa 100 mwaka 2015 na 350 mwaka 2019, kwa soko la Japani. Mwenye nayo anayetazama hapa, niandikie, nakuja na kamera.

Tatizo la uchache ni bei. Mazda wenyewe waliacha kuitengeneza sedani hii kwa soko la Japani 2024, na muuzaji mwenye ya gia ya mkono anajua kabisa kwamba huna pengine pa kwenda. Kwa hiyo kabla hujalipa, fanya jaribio hili. Ukiwa gia ya nne au ya tano na mwendo wa wastani, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukipanda haraka na mwendo haupandi nao, klachi inateleza, imekwisha. Halafu simama, injini inawaka, nyutro, kanyaga klachi na uiachie huku unasikiliza. Ukisikia kugongagonga kunakobadilika na klachi, fundi aangalie flaiwili, lile gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi. Dizeli nyingi za kisasa zina flaiwili ya vipande viwili, na bei yake inaweza kukupita klachi yenyewe. Usiambiwe "hiyo ndiyo milio ya dizeli" ukakubali.

Na kama safari zako zote ni fupi fupi, injini haipati moto, basi hata nikilisifu vipi usilinunue. Kichujio cha masizi kinataka safari ndefu ili kijichome na kujisafisha. Kisipopata, kinaziba, na gia ya mkono haitakusaidia hapo.

Kuhusu chaneli: sauti iliyolalamikiwa wiki zilizopita nimeirekebisha, maikrofoni ni mpya, niambieni kama mlango wa gari bado unasikika kama umefungwa masikioni mwenu. Kama hujajiunga, jiunge. Mwenye gari hili amenikubalia nilichukue tena, na natafuta Atenza ya petroli yenye gia ya mkono niziweke mbili pamoja. Andikeni hapo chini tuanzie wapi, mlimani au kwenye foleni.