Krimu, vesti na kisu: tathmini ya huduma nilizolipia kwa ajili ya matiti ya kiume

Tangu nikiwa kidato cha pili nimekuwa nikivaa fulana mbili chini ya shati, hata katika joto la Januari hapa Dar es Salaam, kwa sababu ya nyama iliyoota chini ya chuchu zangu, ya kushoto ikiwa kubwa kuliko ya kulia. Sasa nina miaka 34. Katika muda huo nimelipia krimu, vesti ya kubana na hatimaye upasuaji, na ninaandika kwa ajili ya wale ambao bado wanahesabu fedha zao wasijue waanzie wapi.

Krimu niliinunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeahidi kwamba itayeyusha matiti ndani ya siku 21. Kopo halikuandikwa viambato, na kilichoyeyuka ni ngozi yangu, iliyotoka vipele wiki nzima. Hakuna krimu ya kupaka inayojulikana kuondoa tezi ya titi, na laiti ningemuuliza mfamasia yeyote kabla ya kulipa, angeniambia hivyo bure. Kopo lenyewe ni zuri. Mke wangu anahifadhia vifungo.

Vesti ya kubana, niliyoipata Kariakoo, haina uongo: inaficha, haitibu. Ukiivaa asubuhi kifua kinalala sawasawa, lakini ifikapo saa saba mchana jasho linakuwa limeloanisha mgongo mzima na pumzi unaivuta kwa mafungu.

Kliniki ndiyo inayostahili maelezo marefu. Nilitarajia kwamba daktari bingwa wa upasuaji angenivua shati, akatazama na kunitajia bei, lakini alinilaza chali, akalishika titi kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akavisogeza vidole taratibu kuelekea chuchu hadi vilipogota kwenye kitu chenye ugumu wa mpira na umbo la kisahani. Akaushika mkono wangu ili nami nikipapase. Hiyo, alisema, ndiyo tezi. Mafuta matupu huwa laini na hayana ukingo, na mtu mwenye mafuta matupu anapaswa kwanza kupunguza uzito kabla ya kufikiria kisu.

Maswali yaliyofuata yalikuwa mengi kuliko niliyowahi kuulizwa hospitalini. Alitaka kujua kama nimewahi kutumia simetidini ya vidonda vya tumbo, spironolaktoni ambayo hupewa wagonjwa wa moyo na ini, ketokonazoli ya fangasi, au efavirenzi ambayo watu wengi wanaoishi na VVU waliitumia kabla ya kuhamishiwa dolutegraviri, kwa kuwa zote hizo zinaweza kuotesha matiti kwa mwanamume. Aliuliza pia kuhusu pombe na sindano za kujenga misuli. Kisha akanipima korodani, jambo lililonishangaza mpaka aliponieleza kwamba baadhi ya uvimbe wa huko hutoa homoni, na titi likawa dalili ya kwanza kuonekana. Nilifanyiwa ultrasaundi na vipimo vya damu vya ini, figo, tezi ya shingo na homoni. Saratani ya titi kwa wanaume ni nadra, takribani mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani hiyo, lakini uvimbe mgumu ulio pembeni ya chuchu, au chuchu inayotoa damu, hauachwi bila kuchunguzwa.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba alikataa kuniuzia vidonge. Tamoksifeni, yaani vidonge vinavyozuia homoni ya kike isifanye kazi kwenye titi, alisema, husaidia zaidi pale titi linapokuwa limeanza karibuni na bado linauma. Likishapita mwaka mmoja hivi, tezi hugeuka nyuzi ngumu kama kovu, na yangu ilikuwa na umri wa kupiga kura. Baadaye nilimpelekea mpwa wangu wa miaka 14 mwenye tatizo lilelile, akamrudisha nyumbani bila dawa wala kisu, kwa maelezo kwamba kwa vijana wengi waliobalehe hali hiyo huisha yenyewe, aghalabu ndani ya miaka miwili.

Mimi nilipasuliwa kwa nusu kaputi. Mafuta yalifyonzwa kwa mrija, kisha tezi ikatolewa kupitia mkato wa nusu duara kwenye ukingo wa weusi unaozunguka chuchu, huku tabaka jembamba likiachwa chini yake kwa makusudi, kwani likiondolewa lote chuchu hudidimia kama kisosi. Nyama iliyotolewa ilipelekwa maabara, na majibu yalikuwa salama. Niliivaa vesti wiki sita, safari hii ikiwa na zipu mbele, maana kuinua mikono juu ya kichwa kulikuwa mateso.

Sasa malalamiko. Bei niliyotajiwa haikujumuisha vesti, maabara wala kubadilisha bandeji, na bima yangu ilikataa kuchangia ikidai kwamba huo ni urembo. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, ilhali mzee niliyekaa naye benchi moja alikuwa akiisaini yake kwa kumtazama muuguzi usoni. Baya zaidi lilitokea usiku wa tatu, upande wa kushoto ulipovimba na kuwa mgumu: namba ya dharura niliyopewa iliita mara tano bila kupokewa. Asubuhi daktari mwenyewe aliivuta damu iliyovia kwa sindano, akaomba radhi, na sikulipishwa. Chuchu ya upande huo bado ina ganzi kidogo baada ya miezi minane, ingawa hilo nilionywa mapema.

Kovu huwezi kuliona usipolitafuta, na fulana ninavaa moja. Kwa uchunguzi na upasuaji ninawapa nyota nne. Ya tano ninaishikilia mpaka wamweke mtu wa kupokea simu usiku.