Kupimwa kabla ya kipimo cha moyo cha mazoezi: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano, na zote nne nazitoa kwa yale yaliyofanyika kabla sijapanda tredimili, ile mashine ya kutembelea na kukimbilia papo hapo huku moyo ukipimwa.

Muuguzi hakunitupia fomu nikajaze pembeni. Alikaa nami, akauliza moja moja. Kifua hubana ukipanda ngazi? Umewahi kuzimia katikati ya mazoezi? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla angali kijana? Halafu likaja ambalo sikulitarajia: umeumwa homa au mafua makali siku za karibuni? Nikamuuliza, mafua na moyo wapi na wapi? Akasema virusi vinaweza kuvimbisha msuli wa moyo, na moyo wa namna hiyo ukikimbizwa unaweza kupoteza mdundo wake. Mwenye uvimbe huo hapimwi hadi apone.

Presha yangu ya kwanza ilikuwa juu kidogo. Hakuiandika haraka haraka. Aliniacha nitulie, akarudia, ikashuka. Ikifika zaidi ya 200 kwa 110 ukiwa umepumzika, kwa kawaida kipimo huahirishwa.

Daktari naye akaweka stethoskopu upande wa kulia wa mfupa wa kifua, juu, akasikiliza kwa muda. Alikuwa akitafuta mvumo wa vali iliyobana, yaani mlango wa kupitishia damu moyoni, kwani ikiwa imebana sana na mtu ana dalili, kumkimbiza ni hatari. Ndipo nikabandikwa vibandiko 10 vya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Wenye nywele kifuani mtanyolewa, mjiandae.

Nyota ya tano niliizuia kwa sababu ya simu ya miadi. Niliambiwa nije na raba, basi. Hakuna aliyetaja kahawa, sigara, mlo mzito wala dawa! Dawa za kupunguza mapigo, kama atenololi, huzuia moyo kufika kasi inayotakiwa, na wapo wanaoambiwa wazisitishe na wapo wanaoambiwa waendelee. Muulizeni daktari wenu mapema, msiziache kienyeji.

Tredimili yenyewe ni mwendo wa kawaida unaoongezwa kasi na mwinuko kila dakika 3, na mashine ya kushtua moyo iko hapo karibu. Ukishuka usikimbilie viatu: wanaendelea kuangalia presha na mchoro hadi vitulie. Vaeni shati linalofunguka mbele.