Microsoft Defender kwenye kompyuta ya nyumbani: ipe nafasi kabla hujakubali kupigiwa window

Kompyuta ikianza vituko, inaganda katikati ya kazi, inafungua kurasa usizoziomba, feni inavuma wakati hakuna anayeigusa, jibu la mafundi wengi wa mtaani ni moja: "Hii tupige window tu," yaani kuifuta na kuweka Windows upya. Unalipa, unarudishiwa mashine nyepesi, na mara nyingi picha na nyaraka ulizokuwa umeziweka kwenye Desktop zimekwenda na maji. Mimi nachapa kazi za watu nyumbani, hapa Tanga: ripoti za wanafunzi wa chuo, barua za maombi, mihtasari ya vikao vya vikundi. Kila mteja anakuja na flashi yake, na kila flashi imeshapita steshenari kadhaa kabla ya kunifikia. Kwa hiyo Defender naijua kwa kazi, kila siku.

Ni antivirus inayokuja ndani ya Windows 10 na 11. Huinunui, huipakui, na haina muda wa majaribio unaokwisha. Ukiweka antivirus ya kampuni nyingine, yenyewe hujiweka pembeni, ndiyo maana watu wengi wanayo na hawajawahi kuiona ikifanya kazi. Utaikuta kwenye Windows Security, ile alama ya ngao chini kulia karibu na saa.

Kilichonifanya niiheshimu ni mchezo wa mpira uliokrakiwa, yaani uliovunjwa kufuli ili uchezwe bila kulipia, ambao mpwa wangu aliuweka wakati wa likizo. Maelekezo ya mchezo wenyewe yalimtaka azime antivirus kwanza, naye akazima. Tangu hapo mashine ikawa inanguruma hata ikiwa haina kazi. Nikifungua Task Manager nione ni nini kinakula prosesa, feni inatulia na namba zinashuka. Nikiifunga, kelele zinarudi. "Mama mdogo, mbona ukiiangalia inapona?" mtoto akaniuliza, na swali lake lilikuwa ndilo lenyewe. Zipo programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta za watu, na nyingi zimetengenezwa zisimame mara tu Task Manager inapofunguliwa. Luku naweka mimi, sarafu anavuna mtu asiyenijua.

Quick scan ya Defender, yaani ukaguzi wa haraka, ikasema hakuna kitu. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na Defender, na hapo ndipo panapotaka subira. Ingia Windows Security, kisha "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", ushuke mpaka chini uone "Exclusions". Hiyo ni orodha ya mahali ambapo Defender imeambiwa isikague. Kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Yangu ilikuwa na folda moja ndani ya ProgramData, na chini yake diski C yote. Kraki ilikuwa imejiandikia ruhusa yenyewe. Mlinzi hana kosa hapo, ameambiwa asiingie chumba alichojificha mwizi.

Nikafuta ruhusa zote mbili, nikasasisha Defender, kisha nikatumia kile ninachokiona kuwa silaha yake bora: ukaguzi wa nje ya Windows. Ukibofya "Scan options" utauona mwishoni mwa orodha kwa jina la "offline scan". Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu kompyuta itajizima na kujiwasha. Badala ya kuingia Windows kama kawaida, inaingia kwenye mazingira madogo ya ukarabati na kukagua diski kutoka huko, kwa kama dakika 15. Maana yake ni kubwa. Virusi vinavyoamka pamoja na Windows vinaweza kujificha, kushikilia mafaili yake yasifutwe, au kujirudisha kila unapovifuta. Windows ikiwa haijaamka, navyo vimelala. Mashine iliporudi, nilifungua "Protection history" nikakuta imeandikwa CoinMiner, yaani mchimba sarafu, imeondolewa. Feni imetulia mpaka leo na hakuna waraka hata mmoja wa mteja uliopotea. Mchezo nao nikauondoa, mtoto alinuna.

Sasa flashi, maana hapa ndipo kwenye maumivu ya wengi. Mteja anafungua flashi yake anakuta kila folda imegeuka shortcut, yenye kimshale pembeni, na anaanza kulia kwamba ripoti imefutika. Haijafutika. Virusi hivi huyaficha mafaili halisi na kuweka shortcut mahali pake, ili ukibofya uviamshe wewe mwenyewe. Defender inavikamata vizuri, ila usitegemee full scan ya kawaida, yaani ukaguzi wa kompyuta nzima, iingie kwenye flashi, kwa jinsi inavyokuja huwa inairuka. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia uchague "Scan with Microsoft Defender". Na anza na kompyuta kabla ya flashi. Kompyuta ikiwa bado inaumwa, utasafisha flashi asubuhi na jioni itakuwa imechafuka tena.

Kasoro ni kwamba Defender inaondoa virusi lakini mafaili yanabaki yamefichwa. Mwenye flashi akiangalia anaona tupu, anakulaumu wewe. Hapo unafungua Command Prompt, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, na kuandika hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri, folda zinarudi. Natamani Defender ingekuwa na kitufe cha kazi hii, kwa sababu mwanafunzi aliyebakiza saa chache akabidhi ripoti hana moyo wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi.

Yapo mambo mengine yanayofanana na virusi ambayo Defender haitasema chochote, na ina haki. Moja ni vile visanduku vinavyochomoza pembeni ya skrini vikidai kompyuta yako ina virusi vitano, vikiwa na nembo ya antivirus maarufu. Hizo mara nyingi ni arifa za tovuti ambayo mtu wa nyumbani aliibofyia "Allow". Nenda kwenye mipangilio ya Chrome, tafuta "Notifications", ondoa tovuti usizozijua. Usipige namba ya simu iliyoandikwa pale, wala usilipe.

Nyingine ni saa. Jirani aliniletea mashine ambayo kila tovuti ilikuwa inakataa kufunguka, ikisema muunganisho si salama. Alishaambiwa ni virusi. Tarehe ilikuwa imerudi miaka nyuma, kwa sababu betri ndogo ya kwenye bodi, CR2032, ilikuwa imekufa. Tovuti salama hukaguliwa kwa vyeti vyenye tarehe, na saa ikiwa ya uongo vyeti vyote vinaonekana batili. Betri hiyo inauzwa hata na mafundi saa.

Uzito wa Defender nao niuseme. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, full scan inaifanya iburute kabisa, kwa hiyo iache ifanye usiku. Kwa wanaobana bando, faili la masasisho linaitwa mpam-fe.exe, linapatikana kwenye tovuti ya Microsoft. Unaweza kulipakua penye Wi-Fi, ukalileta nyumbani na kuliendesha bila intaneti. Angalia tu kama Windows yako ni ya biti 64 au 32.

Jambo linaloniumiza zaidi ni virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Familia ya STOP, ambayo wengine huiita Djvu, imesambaa sana kupitia kraki za programu na michezo, na inalenga watu wa nyumbani kama sisi. Defender ina kinga ya folda inayoitwa "Controlled folder access", inayozuia programu isiyojulikana kugusa Documents na Pictures. Ni nzuri, lakini inakuja ikiwa imezimwa. Iwashe leo. Mafaili yakishafungwa, Defender haiwezi kuyafungua, kwa hiyo nakala kwenye diski ya nje, inayochomolewa baada ya kazi, bado inahitajika.

Na kwa wenye Windows 10: Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake inaendelea kupata orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi tena isipokuwa umejiandikisha kwenye mpango wao wa masasisho ya usalama ya nyongeza. Kompyuta inayokubali Windows 11, ihamishe.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya "Exclusions" kufichwa chini kule bila onyo lolote la maana, na kwa kinga ya folda kuja imezimwa. Nne ninazoipa ni za kazi niliyoiona kwa macho yangu, bila shilingi kutoka mfukoni.